Turannos wa Mfereji

Ploti ya Bi Mwanarehema, kule Mikindani, ina vyumba kumi na viwili, vyoo viwili na mfereji mmoja. Na mpaka mwaka huu ilikuwa na serikali moja tu, nayo ni Mzee Ngumbao.

Cheo chake kilikuwa keateka. Yaani yeye ndiye anayefagia ua, anayebadilisha balbu, na anayeambiwa kila Jumatatu, "Mzee, ulisema choo utakizibua." Hapo hakuna utukufu wowote. Utukufu ulikuwa shingoni mwake, kwenye kamba ya kiatu, uliponing'inia ufunguo wa mfereji. Maji ya Mikindani huja kama mjomba tajiri: hayatoi taarifa, hayakai sana, na yakifika kila mtu huacha alichokuwa akifanya akayakimbilia. Basi mfereji ukawekewa kisanduku cha chuma, kisanduku kikatiwa kufuli, na kufuli likapewa Ngumbao.

Alikuwa mwaminifu. Hakuuza maji pembeni, hakupendelea ndugu, hakuchelewa kuamka. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni salamu. Ngumbao ni mtu wa Kaloleni, na kwao huko mtu hakufikii na shida mkononi kama askari aliyekuja kukamata. Hukaa kwanza. Huuliza umelalaje, watoto wamelalaje, mama yuko vipi, nyumbani mvua imenyesha, mbuzi wamezaa. Ndipo anaposema, kama kitu alichokikumbuka sasa hivi tu, "Ee, na hii ndoo yangu."

"Salamu ni nusu ya ndoo," alikuwa akiwaambia wapangaji. "Nusu ya pili ndiyo ninayowafungulia mimi."

Wapangaji wenyewe wengi walikuwa watu wa bara wenye kukimbizana na zamu. Wafula wa chumba cha tano, kwa mfano, aliendesha mashine ya kunyanyua makontena kwenye yadi moja ya Changamwe. Lilikuwa jitu la watu, mabega kama mlango wa lori, na salamu yake yote ilikuwa kidevu: alikiinua kidogo, akakishusha, kwisha. Asubuhi moja maji yalimwishia akiwa katikati ya kuoga. Akatoka bafuni na taulo kiunoni, povu kichwani mpaka masikioni, ndoo mkononi, akainua kidevu.

"Wafula, mwanangu," akasema Ngumbao, ameketi juu ya kisanduku. "Hujambo?"

"Poa, mzee. Fungua."

"Umelalaje?"

"Mzee, sabuni inaingia macho."

"Pole sana. Na mama kule nyumbani, ule mguu wake?"

"Mguu uko sawa! Miguu yote iko sawa!"

"Alhamdulillahi," akasema Ngumbao, ingawa ni mshirika wa kanisa la Kipentekoste; neno tamu halina dini. "Mimi huku mbuzi wangu mmoja..."

"Mbuzi wako hanihusu!"

Ua mzima ukageuka kutazama. Hata kuku wa Mwende muuza chai wakaacha kudonoa. Ngumbao akainuka polepole, akautazama ule ufunguo, akaurudisha ndani ya shati, akaenda zake kufagia. Wafula alikwenda kazini siku hiyo na povu lililomkaukia kichwani kama kilemba, na kazini wakamwita Bwana Arusi mpaka saa ya kutoka.

Jioni wapangaji wakakutana uani, wakampigia simu mwenye nyumba. Bi Mwanarehema anakaa Kisauni, ni mtu wa ukoo wa zamani, na akisema hasemi mara mbili. Simu ikawekwa sauti ya juu.

"Sikizani," akasema. "Mimi kelele sizitaki. Mwamwona Ngumbao mbaya? Haya, jitawaleni wenyewe mpaka mwisho wa mwezi. Nikija nikakuta hamkuteta hata siku moja, basi keateka wa nini? Nitampa nauli yake ya Kaloleni, na kile chumba cha langoni nitakipangisha. Lakini mkiteta, wallahi, mkiteta hata mara moja, Ngumbao arudi kazini mwake na nisisikie tena habari ya mbuzi wala ya povu. Mmefahamu?"

"Tumefahamu, Bibi."

Chumba cha langoni ndimo alimolala Ngumbao na mkewe Kafedha, bila kodi, tangu kitinda mimba wao akiwa mgongoni. Kafedha alisikia kila neno kupitia dirishani. Akamgeukia mumewe.

"Baba Tsofa, umetufukuzisha kwa sababu ya mbuzi."

"Watateta," akasema Ngumbao. "Subiri tu. Hawa hata wawili wakipewa sindano moja watateta, seuze mfereji?"

Na pengine wangeteta siku ileile, kama si Brandon.

Brandon wa chumba cha tisa alikwenda chuo kikuu kusomea mambo ya Wagiriki wa kale. Baada ya mwaka na nusu akaachana na chuo, au chuo kikaachana naye. Hadithi hubadilika kufuatana na nani anayenunua chai. Siku hizi aliuza vioo vya simu Magongo. Lakini ile elimu ya mwaka na nusu ilikuwa bado inamwasha mwilini kama upupu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake kulikuwa na watu waliohitaji kukunwa palepale.

"Wagiriki," akasema, amesimama juu ya jiwe la kufulia, "hawakuwa na neno moja la mkubwa. Sisi huku ni 'mheshimiwa' basi, kuanzia diwani mpaka mwizi wa diwani. Wao walikuwa na kabati zima! Basileus: mfalme, mtu wa ukoo, anayekaa kitini akaamua kesi. Anaks: bwana mkubwa kuliko yeye, hata miungu waliitwa hivyo. Despotes: bwana wa nyumba na watumwa wake."

"Huyo ni mume wangu wa kwanza," akasema Mwende.

"Arkhon: huyu anatawala mwaka mmoja, halafu anashuka na anaulizwa alifanya nini."

Watu wakacheka sana. Walidhani hapo anatania.

"Lakini sisi tunamtaka mmoja anayeitwa epistates. Kule Athene, mtu mmoja alipatikana kwa kura. Si uchaguzi, kura ya bahati. Akashika funguo za hazina na muhuri wa dola kwa usiku na mchana mmoja. Kesho yake anatoka, na hawezi kuushika tena ukubwa huo. Mkulima, fundi viatu, yeyote."

"Siku moja tu?" akauliza Wafula.

"Siku moja. Mtu ataiba nini kwa siku moja?"

Hapo wote wakatafakari, kwa kuwa ni Wakenya, na wakaona kwamba inawezekana kuiba vingi sana. Hata hivyo mpango ukapita. Visoda vikaandikwa namba za vyumba, vikatiwa ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, na kila alfajiri kisoda kikatolewa. Ngumbao akakabidhi ufunguo. Shingo yake ilijihisi uchi.

Wa kwanza kutoka alikuwa Mwende, mwenye kibanda cha chai na mandazi pale langoni. Kufika saa mbili alikuwa ameshahamisha kigoda chake mpaka mfereji ulipo na anahukumu kesi. Nani aliiba vibanio vya nguo? Nani humwaga maji ya samaki kwenye maua? Mpangaji aliyekuwa na deni la chai alijazwa ndoo nusu. "Mimi ni basileus," akasema, "na basileus hakopeshi." Siku ya Janice wa saluni, kila aliyekuja na ndoo chafu alirudishwa akaisugue. Brandon mwenyewe ilipofika zamu yake alihutubia juu ya uhuru wa raia, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, mpaka maji yakakatika. Hakuna aliyepata hata kikombe.

Ngumbao alikuwa nyuma ya pazia, anangoja ngumi zirushwe.

Hazikurushwa. Watu walicheka wakaenda kununua maji ya mkokoteni. Ndipo mzee akaanza kuingiwa na baridi. Aliona jambo ambalo hakulitarajia: hakuna anayegombana na mkubwa wa siku moja. Umtukane ya nini, na kesho alfajiri atakuwa kwenye foleni na pengine wewe ndiye mwenye ufunguo? Kila mtu alikuwa dikteta, na kila mtu alikuwa na furaha. Ua ulijaa vicheko. Watoto walicheza mchezo wa epistates. Ploti haikuwahi kuwa na amani namna ile tangu ilipojengwa.

"Wanacheka," akamwambia Kafedha, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

"Nawasikia. Nianze kufunga sufuria?"

Siku ya pili yake Ngumbao akamfuata Brandon kwenye meza yake ya vioo, akamsalimu kwa urefu unaostahili, kisha, kama kitu alichokikumbuka sasa hivi tu, akauliza, "Hao Wagiriki wako, mwanangu. Mambo yao yaliharibika vipi?"

Macho ya Brandon yakang'aa. Hakuna aliyewahi kumuuliza swali la pili. "Kuna neno jingine, mzee. Turannos. Huyu hakurithi na hakupewa kwa desturi. Alinyakua. Na mwanzoni halikuwa tusi, eh! Wengine walipendwa. Anakuja mtu mwenye nguvu, watu wamemzoea, anaambiwa na marafiki, 'Mbona uachie? Nani anaweza kama wewe?' Basi haachii."

"Anaambiwa na marafiki," akarudia Ngumbao.

"Marafiki ndio wabaya."

"Kabisa," akasema Ngumbao, na akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Kisoda cha Wafula kilipotoka, hakuna aliyefurahi kuliko mzee. Kusema kweli Wafula alitawala vizuri: foleni ilinyooka kama makontena, ndoo kubwa nyuma, ndogo mbele, hakuna hotuba. Jioni Ngumbao akamwendea na kikombe cha chai.

"Wafula, mwanangu, leo nimeona kazi. Mimi nimeshika ufunguo huu miaka, lakini leo nimeona kazi."

Wafula akainua kidevu, safari hii kikakaa juu kidogo.

"Na kesho apewe nani? Yule wa chumba cha tatu anayejifungia nje kila wiki? Haya, shauri lenu. Mimi ni mtu wa kuondoka tu."

Alfajiri mkebe ukatikiswa. Kisoda cha chumba cha tatu kikatoka. Wafula akakitazama, akakirudisha ndani ya mkebe, akaufunika mkebe, akaukalia.

"Hii kitu iko sawa hivi," akasema. "Tuendelee hivi."

Ngumbao nyuma ya pazia aliuma kitambaa asipige kelele. Sasa! Sasa watateta!

Wapangaji wakayatazama yale mabega. Wakanung'unika kama Wakenya wanavyonung'unika: kwa kina, kwa ufasaha, na mbele ya mtu mwingine. Kisha wakapanga foleni. Siku ya kwanza, siku ya pili, siku ya tatu, turannos akatawala, na hakuna aliyefungua mdomo. Brandon alimwita kwa hilo neno uso kwa uso, Wafula akalipenda, akaomba aandikiwe kwenye helmeti ya kazini.

Halafu likaja lililo baya. Jioni moja Wafula alisimama langoni, akakitazama chumba cha Ngumbao kwa jicho la kupima kitanda.

"Mzee, mwenye ufunguo si anafaa kukaa karibu na mfereji? Mwisho wa mwezi nikiongea na Bibi, hapa patanifaa. Si unaenda?"

Kafedha alisubiri mpaka jitu limeondoka. "Hongera, Baba Tsofa. Umemwalika chui akukamatie panya."

Ngumbao hakulala vizuri, lakini asubuhi alikwenda kibandani kwa Mwende akaagiza mandazi. Akazungumza kwa sauti ya chini mpaka chai ikapoa.

"Kumpiga hatuwezi," akasema. "Kumtukana hatuthubutu. Basi tumheshimu."

"Tumheshimu?"

"Mpaka achoke. Huyo sasa ni mkubwa. Na mkubwa haendewi mikono mitupu, haendewi bila salamu. Hata mimi, keateka tu, nilitaka mbuzi waulizwe. Seuze turannos!"

Mwende akacheka mpaka akashika meza. Kufikia jua kuzama, kila chumba kilikuwa kimepata habari.

Siku iliyofuata Wafula alirudi kutoka zamu ya usiku, macho mekundu, anataka kulala tu. Mlangoni pake palikuwa na watu wamekaa kwa adabu, kila mmoja na kigoda chake.

"Shikamoo, mkubwa," akasema Mwende, na magoti akayakunja.

"Marahaba. Nini?"

"Hapana neno. Tumekuja kukujulia hali. Umekeshaje? Kazini hawajambo? Makontena hayajambo?"

"Yako poa. Mnataka maji?"

"Maji?" akasema Mwende, ameshika kifua. "Mkubwa, tutaanzaje na maji na hatujauliza mama? Ule mguu wake?"

Alipomaliza Mwende, Janice akaanza tangu mwanzo. Baada ya Janice, mzee mmoja wa chumba cha kumi alieleza mvua ilivyonyesha kwao Mwatate, msimu huu na msimu uliopita, akilinganisha. Baada yake Kafedha akaleta kesi ya kuku wawili, akaomba isikilizwe leo kwa sababu kuku mmoja ni mgonjwa na huenda asifike kesho. Na kila mmoja akiondoka aliaga vizuri, na kuaga nako kwa watu wa adabu si jambo la kuharakishwa: unaaga, unasindikizwa, unakumbuka kitu, unarudi. Wafula alipata usingizi wa dakika chache ameegemea kizingiti. Akaamshwa na Ngumbao mwenyewe, amevua kofia.

"Hodi, mkubwa. Nimesikia umelala, nikaja kuuliza umelalaje."

Ilikuwa hivyo siku mbili. Siku ya tatu turannos alipiga kona kutokea kituoni, akaona vigoda vimeshapangwa, na Brandon kati yao amevaa shuka begani kama Mgiriki, ana karatasi ya mashairi ya kumsifu. Wafula akasimama. Akatia mkono mfukoni, akautoa ufunguo, akautupa juu ya ukuta ukaangukia ndani ya sufuria ya mtu.

"Chukueni!" akapiga kelele. "Niachieni tu nilale! Siko na mama! Mguu hana!"

Mama yake alikuwapo na miguu yote miwili, lakini hakuna aliyemsahihisha. Ilikuwa dhahiri kwamba dola imeanguka.

Kesho yake, kabla mkebe haujatikiswa tena, tuktuk ikasimama langoni. Ni Bi Mwanarehema, buibui safi, mkoba kwapani. Mwisho wa mwezi. Wapangaji wote wakatoka. Ngumbao akasimama pembeni ya mkewe, karibu na sufuria ambazo kweli Kafedha alikuwa ameshazifunga.

"Haya," akasema Bibi. "Nambieni. Mliteta?"

Watu wakatazamana, na hapo ndipo kila mmoja alipoiona hesabu ilivyokaa, Ngumbao wa kwanza. Hawakuteta. Mwezi mzima, hata neno moja kali. Walicheka, wakanyamaza, wakaheshimiana mpaka mtu akalia. Ploti nzima haikuwa na ugomvi hata wa dawa, na kwa amani hiyo mzee alikuwa anakwenda Kaloleni.

"Tuliteta," akasema sauti nzito. Ni Wafula. "Bibi, tuliteta vibaya. Huyu mzee arudi kwa kazi yake. Mimi huo ufunguo nisiuone tena."

"Mliteta na nani?"

"Na... hawa wote."

"Aka, muongo!" akasema Mwende, akachomoka mbele. Alimtaka Ngumbao abaki kuliko mtu yeyote, lakini alikuwa shemasi, na uongo mbele yake ulimkera kama jiwe kwenye mchele. "Bibi, hatukuteta hata siku moja. Mimi siwezi kusema uongo."

Wafula akamkodolea macho. "Mama, tuliteta."

"Lini?"

"Siku ile nilikalia mkebe!"

"Ulikalia mkebe, sisi tukanyamaza. Huko ni kuteta?"

"Mlininunia!"

"Kununa si kuteta! Wewe Kiswahili umekisoma wapi, kwenye kontena?"

"Usinitusi mbele ya landilodi!"

"Nakuambia ukweli! Hatukuteta!"

"Tuliteta, na wewe ndiye ulinianza na mambo ya mguu!"

"Mguu gani, si ulisema hana?"

Hapo Janice akaingia kumsaidia Wafula, mzee wa Mwatate akaingia kumsaidia Mwende, Brandon akapanda jiwe la kufulia aeleze tofauti ya kunung'unika na uasi, akavutwa shuka akashuka bila kupenda. Deni la chai likatajwa. Vibanio vya nguo vikatajwa. Mtu akataja maji ya samaki, na mwenye samaki akataja mama ya mtu. Mwezi mzima wa heshima ulikuwa umewajaa mpaka kooni, na sasa ulitoka kama mfereji ulioziba.

Bi Mwanarehema alisikiliza, kichwa ameinamisha upande, kama mtu anayesikiliza taarabu nzuri. Kisha akautwaa ufunguo juu ya kisanduku ulipokuwa umewekwa, akampa Ngumbao.

"Chukua, baba. Nimeona kwa macho yangu. Na hicho choo, kizibue."

"Naam, Bibi. Shukrani sana. Na nyumbani Kisauni hawajam..."

"Ngumbao, tuktuk yaningoja," akasema, akaondoka.

Kafedha akaanza kuzifungua sufuria, anacheka peke yake. Ngumbao akavaa kamba shingoni, akaenda mferejini, akaona maji yamekuja na yana nguvu. Akafungua kisanduku, akageuka kuita foleni.

Hakukuwa na foleni. Wote walikuwa upande ule wa ua, mishipa ya shingo imewatoka, wanabishana kama waliteta au hawakuteta. Basi akachukua ndoo yake, akaiweka chini ya mfereji, akaketi kando yake kungoja ijae.